Saa za Miss Havisham zilisimama saa ngapi? Tumenyimwa pointi, amueni

MkaaSection58 (Nakuru)
Wadau habari za jioni. Nisaidieni kuamua hii kitu kabla sijagombana na watu. Jana usiku tulikuwa na chemsha bongo hapa Nakuru, timu ya watu wanne wanne, zawadi bale moja ya unga, na raundi ya mwisho ikawa ya vitabu. Msimamizi akatangaza ni Great Expectations ya Charles Dickens, mimi moyoni nikasema unga ni wetu, juu hicho kitabu nimekisoma mpaka jalada likatoka. Sheria yake mwenyewe, maswali kwa Kiswahili na majibu kwa Kiswahili. Swali la tano: saa za nyumbani kwa Miss Havisham zilisimama saa ngapi? Nikaandika saa tatu kasoro dakika ishirini. Akatia eksi! Ati jibu ni saa nane na dakika arobaini. Meza ya pili waliandika hiyo saa nane yao wakapewa, tukashindwa 18 kwa 17. Jamani saa nane na dakika arobaini si watu wameshakula lunchi wanaosha sufuria? Nikaenda kumwelezea, ananiambia kadi imeandikwa 8:40 na yeye anasoma kadi. Sasa nani ako na makosa? Na kama kuna mahali kitabu kinaonyesha ilikuwa asubuhi ama usiku nipeni niende na ushahidi.

Jakisumo_Kondele
Pole dadangu. Ukiniambia tukutane Dunga saa nane mimi nakuja jua likichoma na samaki ashakaangwa, sikuji na mswaki mdomoni. Hata kwa Kijaluo sa adek ni saa tatu, hakuna mtu anaita hiyo tisa. Huyo jamaa alitafsiri namba akasahau kutafsiri saa.

Lakini mimi kitabu sijasoma, kwani huyu mama saa zake zilisimama kwa nini, betri?

MwalimuMstaafu_Kakamega
Betri haikuwako ndugu yangu, alizisimamisha mwenyewe kwa makusudi. Hii nimefundisha miaka mingi kwa hivyo niacheni niongee kidogo.

Sura ya 8, Pip ni mtoto mdogo wa kijijini, analelewa na dadake na shemeji yake Joe ambaye ni mhunzi, anapelekwa kucheza kwa tajiri. Anaingia chumba hakina hata mwanga wa jua, ni mishumaa tu. Anamkuta mama mzee amevaa gauni la harusi ambalo lilikuwa jeupe likageuka manjano. Saa yake ya kubeba imesimama, na ya chumbani imesimama dakika ile ile. Sasa angalia miguu. Amevaa kiatu kimoja tu, kingine kiko mezani karibu na mkono wake. Wanafunzi wangu walikuwa wanapita hapo mbio, na ushahidi wako uko hapo hapo kwa hicho kiatu.

Ukifika sura ya 22 Herbert, rafiki wa Pip, anamweleza Pip kisa chote. Siku ya harusi wageni wamealikwa, bibi harusi anavaa, barua inaingia, bwana harusi hakuji. Huyo bwana harusi, Compeyson, alishakula pesa yake, na kakake wa baba mmoja alikuwa ndani ya huo mpango. Barua ilimkuta kabla hajavaa kiatu cha pili. Hakukivaa tena maisha yake yote, na saa zote akazisimamisha kwa hiyo dakika. Keki nayo ikaachwa mezani miaka na miaka mpaka buibui wakaifanya boma.

Asubuhi ama usiku? Uingereza ya wakati huo ndoa kwa kawaida ilifungwa kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana, hiyo ndiyo iliyokuwa sheria mpaka 1886 walipoongeza mpaka saa tisa. Mtu anayevaa kwenda harusini anavaa asubuhi. Kwa hivyo ni saa tatu kasoro dakika ishirini, asubuhi. Ingekuwa saa nane na dakika arobaini ya msimamizi wako, hata padre angekuwa ashafunga kanisa.

MzeeWaKiamunyi
Mimi nitasimama na msimamizi kidogo msinipige. Kitabu ni cha Mwingereza, saa ni ya Mwingereza, mshale mfupi ulikuwa kati ya 8 na 9. Ukisoma kilichoandikwa kwa uso wa saa ni nane. Mambo ya kuhesabu kutoka jua kuchomoza ni yetu, Miss Havisham hakuyajua.

MkaaSection58 (Nakuru)
Mzee wangu kwa heshima, hapo nakataa. Babu yangu Njoro alikuwa na saa ya ukutani, mshale ukiwa kwa 9 anasema saa tatu, na hakuna siku maziwa yalikosa gari. Mshale ni ule ule, mdomo ndio unabadilika kulingana na lugha. Kama alitaka ya Kizungu angeuliza kwa Kizungu.

Mwalimu asante sana, hicho kiatu nilikisoma mara ngapi na sikukiunganisha!!

boda_wa_Lanet
Nimecheka nikatoa simu sikioni. Wasee mimi ni wa hiyo meza ya pili 😂 Ukweli usemwe, sisi kitabu hatujui, mmoja wetu aliona kwa televisheni akakumbuka nane arobaini. Lakini na sisi tulinyimwa, swali lilikuwa jina la kwanza la Miss Havisham, tukaandika Amelia, eksi. Na lile swali la Pip kupelekwa London, mimi nilidhani ni mtaa wa London hii yetu ya Nakuru, nikajiuliza bahati gani hiyo ya kupelekwa kando ya jaa la Gioto na moshi wa takataka.

MwalimuMstaafu_Kakamega
Hiyo eksi ni halali kijana. Amelia ni jina alilopewa kwa kipindi cha BBC, Dickensian, cha 2015. Dickens hakumpa jina la kwanza popote ndani ya kitabu. Nyumba ndiyo ina jina, Satis House, na Estella, msichana aliyelelewa na Miss Havisham, anamwambia Pip maana yake ni tosha. Yaani mwenye nyumba hii hatataka kitu kingine. Tosha kama ile "Kibaki Tosha" yetu ya uchaguzi wa 2002, na wote mnajua watu waliendelea kutaka.

Niulize, walisema nini kuhusu Pip na Estella? Hapo ndipo wasimamizi wengi huanguka.

MkaaSection58 (Nakuru)
Eh mwalimu ngoja. Swali la nane lilikuwa "je, Pip na Estella walioana?" Mimi nikaandika kitabu hakisemi. Eksi. Meza ya boda waliandika ndiyo wakapewa.

MwalimuMstaafu_Kakamega
Basi umeibiwa mara mbili.

Dickens aliandika mwisho wa kwanza ambao hawapatani kabisa. Estella ameolewa tena, na daktari, wanakutana tu barabarani London, Pip ako na mtoto wa Joe na Biddy, mke wa pili wa Joe, Estella anadhani ni wake, anambusu mtoto, wanaachana. Kabla kitabu hakijamalizika gazetini, rafiki yake Edward Bulwer-Lytton akasoma akamshauri abadilishe. Kilikuwa kinatoka kila wiki kwa All the Year Round, gazeti la Dickens mwenyewe, kuanzia 1 Desemba 1860 mpaka 3 Agosti 1861, na alikiingiza haraka juu hadithi ya Charles Lever iliyokuwa inaendelea ilikuwa inafukuza wasomaji. Akabadilisha kweli. Kwa huo mwisho mpya wanakutana kwenye magofu ya Satis House, anamshika mkono, wanatoka jioni ukungu ukiinuka, na Pip anasema hakuona kivuli cha kuachana naye tena. Kwisha. Padre hayuko, pete haiko. Mimi binafsi napenda ule wa kwanza, huu wa pili naona ni kama mtu alibembelezwa akakubali.

MzeeWaKiamunyi
Hapo kwa ndoa nimekubali. Kwa saa bado.

MkaaSection58 (Nakuru)
Nimerudi. Nimempigia msimamizi nikamsomea yote ya mwalimu, kuanzia kiatu. Amenyamaza kidogo halafu akasema sawa, pointi mbili nimepewa, sasa ni 19 kwa 18 kwa kitabu chake. Kuhusu unga ati niongee na walioshinda. @boda_wa_Lanet?

boda_wa_Lanet
Dada yangu, tulikuwa wanne na bale ni pakiti kumi na mbili. Yangu tatu, mbili zimeliwa. Moja iko, nakuletea kesho saa tatu kasoro ishirini. Asubuhi.