Tupeane uzoefu: walimu wa hesabu na sayansi Tanga, kompyuta imekusaidia kufundisha mada gani hasa?

Ticha_Mkwakwani
Wadau habari za jioni. Kila semina tunaambiwa tehama tehama, ila husikii mtu akisema jana nilifundisha mada fulani hivi na watoto wakatoka na kitu fulani. Naomba hapa tuongee mada kwa mada, mimi nipo mjini nafundisha hesabu kidato cha tatu na cha nne, naanza.

Grafu za sini na kosini ubaoni zinakula muda mno, ukimaliza kuchora moja kengele imegonga na mtoto hajaona ukibadilisha namba mchoro unafanyaje. Nikaweka GeoGebra kwenye laptopu, ile programu ya bure aliyoianzisha Markus Hohenwarter kule Austria mwaka 2001, ukishaipakua haidai bando. Sasa watoto wangu wengi baba zao wavuvi, wapo wa Sahare wapo wa kule Deep Sea, nikawauliza maji yakijaa saa kumi na mbili asubuhi yanajaa tena saa ngapi, wakajibu darasa zima jioni kwenye kumi na mbili na nusu hivi. Basi nikachora kosini ya mvuto wa mwezi wa angani inayojirudia kila saa 12.42, chini yake ya jua yenye kimo kidogo inayojirudia kila saa 12 kamili, nikazijumlisha. Mchoro ukavimba, ukasinyaa, ukavimba tena baada ya siku 14 na kitu. Kijana mmoja wa nyuma akasimama, "ticha hilo si bamvua!" yaani yale maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, na wenzake wakaonyesha pale paliposinyaa wakasema haya ndio maji mafu, yale yasiyojaa sana. Aisee wale watoto walibaki darasani mapumziko yote wanavuta slaida, na mlinganyo waliandika wenyewe.

FizikiaMuheza
Hongera sana ticha, hiyo ya bamvua naiiba. Huku Muheza mimi natumia PhET, simulesheni yaani majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder alizoanzisha Carl Wieman mwaka 2002, yule mwenye Nobel ya fizikia. Unazipakua mjini unakuja nazo kwenye flashi. Mada yangu ni penduli. Watoto karibu wote wanaamini jiwe zito linabembea haraka kuliko jepesi, na ukiwaambia sio hivyo wanaandika tu kwenye daftari ila moyoni hawajakubali. Kwa hiyo kwanza wanafunga uzi na jiwe la ukweli, uzi wa mita 1 wanapata sekunde 40 hivi kwa kubembea mara 20, wakiukata ubaki sentimita 25 zinakuwa 20, wanabadilisha jiwe muda haubadiliki. HALAFU ndio nawasha laptopu, maana pale naweza kuwapeleka mwezini, na uzi uleule wa mita 1 bembea moja inachukua karibu sekunde 5 badala ya 2. Hilo huwezi kulifanya na uzi wa Muheza.

Ila nisisitize wandugu, kompyuta isichukue nafasi ya maabara. Kwenye skrini hakuna upepo, hakuna mkono unaochelewa kubonyeza stopwochi, na siku ya mtihani wa vitendo mtoto anakabidhiwa vifaa vya kushika.

Binti_wa_Pangani
Shikamooni walimu. Mimi mwanafunzi wa chuo cha ualimu, niseme ya upande wetu. Shule niliyosoma kompyuta zilikuwepo, zimefunikwa vitambaa, funguo anayo mtu mmoja na akisafiri ndio basi. Siku zikifunguliwa tunakaa sita kwa mashine moja, mausi anashika mvulana kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sisi wasichana tunaandika majibu. Akaja mwalimu wa kemia akaweka sheria kila swali mausi inahama, na anayeshika haruhusiwi kuamua, anaambiwa na wenzake afanye nini. Mimi kusawazisha milinganyo ya kemia nilielewa pale, kwa sababu ilibidi niseme kwa sauti kwa nini naongeza oksijeni.

Mzee_Hesabu
Marahaba binti. Huyo mwalimu alijua kazi. Mimi nimestaafu ila bado nafundisha tuisheni hapa Ngamiani, na hofu yangu ni moja, mchoro ukicheza vizuri mtoto anadhani ameelewa. Kwa hiyo kwangu hakuna kubonyeza kabla hujachora kwa penseli unachotegemea kitatokea. Akikosea tunakaa hapohapo kwenye tofauti ya penseli na skrini, hata kama ni nusu saa. Somo lipo hapo, zile rangi za skrini hazina haraka.

Fundi_Raskazone
Naongezea la kiufundi, huku pwani upepo wa chumvi unakula tundu za kuchomekea, msiweke mashine upande wa dirisha la bahari. Na flashi za kuzunguka shule kwa shule zimejaa virusi, zikaguliwe kwanza.

Binti_wa_Pangani
Nashukuru babu. Ticha_Mkwakwani lile faili la bamvua naweza kulipata? Mwezi ujao naenda mazoezi ya kufundisha, nimepangiwa kidato cha nne na shule haina intaneti.

Ticha_Mkwakwani
Unalipata dada, nakuwekea na ile GeoGebra yenyewe. Jumamosi nipo shuleni asubuhi, mpitishie kwanza fundi hiyo flashi halafu njoo. FizikiaMuheza na wewe leta za penduli tumkusanyie zote pamoja.