Mtoto anakula mandazi na chai ya maziwa tu, nisaidieni

MamaNguba: Wamama na wababa, salamu kutoka Bukavu. Kijana wangu ana miaka mitatu na nusu na mimi nimechoka. Bugali anautema. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, akiiona tu anaziba mdomo kwa mikono miwili. Mandazi, chai ya maziwa na ndizi mbivu mara mojamoja, basi. Jana nimemwekea sambaza, wale samaki wadogo, wa kukaanga, waliotoka ziwani asubuhi ileile. Akachukua mmoja, akamtazama, akaniambia, "Mama, huyu ananiangalia." Akamrudisha kwenye sahani taratibu. Nilicheka, halafu nikaenda jikoni kulia.

Zamani alikuwa anakula kila kitu. Mama mkwe anasema nimemdekeza. Kila siku namfuata na kijiko mpaka uani, saa nzima, huku simu ya baba yake inamwonyesha katuni. Nifanyeje?

BabaMapacha: Dada, usilie. Mwache na njaa siku mbili, atakula hata sahani. Sisi tulilelewa kwa fimbo na tulikula.

Furaha_Kadutu: Na mpaka leo biringanya huli, mke wako alituambia humuhumu. Mama Nguba, chai anakunywa vikombe vingapi? Na mandazi anayapata saa ngapi?

MamaNguba: Asubuhi vikombe viwili. Saa nne mama wa mandazi anapita, mtoto anaijua sauti yake tangu kule chini. Saa sita tunakula. Saa tisa kikombe kingine, na kimoja cha kulalia.

Furaha_Kadutu: Umeshajijibu, dada. Saa sita unamkaribisha mezani mtu aliyeshiba.

MuuguziBagira: Kabla ya yote apimwe. Uzito uandikwe kwenye kadi, na mkono upimwe kwa ule utepe wa rangi: kijani ni kuanzia milimita 125, njano ni chini ya hapo, nyekundu ni chini ya 115. Kadi ikipanda na mkono ukiwa kijani, una mtoto mchaguzi tu. Uliza na dawa ya minyoo, kama amemeza ndani ya miezi sita hii. Lakini akipungua uzito, akipaliwa na chakula kila mara, akitapika au viganja vikiwa vyeupe, huko si kudeka, mwone daktari.

Baada ya mwaka wa pili mtoto hakui tena kwa kasi ya uchanga, kwa hiyo hata njaa inapungua. Na wengi umri huo wanaogopa chakula wasichokizoea. Kitu kipya kinaweza kuletwa mbele yake mara 10 mpaka 15 ndipo akikubali kukila. Sisi tunakata tamaa mara ya tatu.

Chai mwondolee kabisa. Inazuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye maharagi na mboga kama lengalenga. Maziwa nusu lita kwa siku yanamtosha. Wewe chagua chakula na saa, kiasi mwachie yeye. Nusu saa ikipita, ondoa sahani bila hotuba. Hiyo katuni nayo zima.

BabaMapacha: Haya, fimbo nimeiweka chini. Kwetu mama watoto anatoa sambaza wakavu vichwa, anawatwanga, unga anautia kwenye mchuzi wa nyanya. Hakuna macho ya kumwangalia mtu.

MuuguziBagira: Vizuri, ila na samaki mzima awepo mezani, nanyi mle mbele yake. Ukimfichia kila siku hatamzoea.

MamaNguba: Wiki mbili zimepita, narudi na habari. Mkono ni kijani, Mungu asifiwe. Siku ya kwanza ya kukosa mandazi ya saa nne alilia mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Siku ya tano akala matonge matatu ya bugali na maharagi, mwenyewe, mimi natazama pembeni kama sioni. Sombe bado. Mama mkwe nilimkamata akimpa chai nyuma ya nyumba, hayo tutayamaliza kifamilia.

Sambaza sasa tunatwanga pamoja, mchi anashika yeye. Jana alimvunja mmoja kichwa, akamtupia paka, mwili akaung'ata kwenye ncha. Akatema. Nimechora mstari kwa mkaa ukutani jikoni: ni mara ya sita.