Naomba ushauri: mashine haisomi vidole vya mama

Habari zenu wanajamvi. Uchaguzi uliopita mashine ya kutambua wapiga kura ilikataa vidole vya mama yangu. Amefanya kazi za mikono maisha yake yote, ncha zimesuguliwa hadi mistari haionekani. Alinawa, akakausha, akajaribu vidole vyote kumi, wapi! Jina limo kwenye daftari, kitambulisho halali anacho, lakini karani akamweka pembeni mpaka akachoka akarudi nyumbani. Iliniuma sana. Nimeshaulizia ofisi ya uandikishaji, nikajibiwa tu kwamba jina lipo.

Waliowahi kusimamia vituo, mashine ikigoma, karani anaruhusiwa kumtafuta kwa namba ya kitambulisho na kulinganisha picha? Na akikataa, tudai fomu gani kwa msimamizi wa kituo kabla hatujaondoka?