Uhifadhi wa majengo ya kale: uzamili kwanza, au kazi ya mafundi kwanza?

Mchoramistari:
Habari zenu, wanajamvi. Nimemaliza shahada ya kwanza ya usanifu majengo na nimeamua kujikita katika uhifadhi wa majengo ya kale. Nina njia mbili: kuendelea moja kwa moja na shahada ya uzamili ya uhifadhi, au kuajiriwa kwanza na kampuni ndogo ya ukarabati, ambako nitashinda juu ya jukwaa la ujenzi pamoja na waashi. Naomba mnilinganishie.

Fundichokaa:
Anza na waashi. Kosa ninalolikuta kuliko jingine lolote ni ukuta wa kale wa mawe na chokaa uliopigwa lipu ya saruji na mtu mwenye nia njema. Chokaa hupitisha mvuke, kwa hiyo unyevu ulioingia ukutani hutoka kupitia viungo. Saruji, ambayo ni ngumu na nzito kupitisha mvuke, huufungia ndani, chumvi zikageuka fuwele nyuma ya lipu, na mwishowe linalomomonyoka ni jiwe lenyewe badala ya kiungo ambacho kingezibwa upya kwa urahisi. Hayo yamo vitabuni, nakubali. Lakini kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole ukatambua kwa sauti tu kwamba lipu imeachana na jiwe, hilo utalipata kwa fundi. (Ujanani niliwahi kuidhinisha saruji hiyo mwenyewe, na nikaja kusimamia kubanduliwa kwake.)

Msomaramani:
Naiheshimu hoja ya Fundichokaa, ila mikono isiyo na nadharia nayo imeharibu mengi. Tazama Parthenon, hekalu la kale la Athens, Ugiriki: ukarabati ulioongozwa na Nikolaos Balanos mwanzoni mwa karne ya 20 uliunga marumaru kwa vyuma ambavyo, tofauti na vile vya wajenzi wa kale vilivyofunikwa kwa madini ya risasi, havikuwa na kinga, vikashika kutu, vikavimba na kuyapasua mawe. Kazi iliyoanza upya baada ya kamati ya uhifadhi wake kuundwa mwaka 1975 imekuwa ya kuving'oa na kuweka titani, metali isiyoshika kutu. Uzamili ndio utakaokuzoesha kuuliza kama hatua unayoichukua leo itaweza kutenguliwa kesho. Humo pia utausoma Mkataba wa Venice wa 1964, unaotaka urejeshaji ukome pale ukisiaji unapoanza, na Hati ya Nara ya 1994, iliyokubali kwamba uhalisi hupimwa ndani ya utamaduni husika. Usipoyamudu hayo, utaandikaje ripoti ya thamani ya kihistoria ya jengo wakati wa kuomba kibali?

Kambanatimazi:
Wakuu, mmeliruka suala la usajili. Katika nchi nyingi msanifu hadai leseni mpaka awe na muda wa kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa. Kama kampuni hiyo ina mafundi hodari lakini haina msanifu wa namna hiyo, miaka yako huenda isihesabiwe, na hapo ningechagua uzamili bila kusita.

Mchoramistari:
Nawashukuru nyote. Nimeuliza: msanifu aliyesajiliwa yupo, na ndiye atakayenisimamia. Nitaanza nao kwa miaka miwili, ila nimeomba nikabidhiwe jengo moja nilipime na kulichora lote kabla halijaguswa, ili nikienda uzamilini niende na maswali ya ukuta ninaoufahamu.

Fundichokaa:
Chora na nyufa zake, uziandikie tarehe. Baada ya mwaka utajua ipi bado inatembea.