Msaada: Me 262, Yak-15 au F-80A, nianze na ipi?

Mwana_Uyole
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbeya, nacheza War Thunder, ile gemu ya mtandaoni ya ndege za kivita, mwaka wa pili sasa. Nimemaliza ndege za pangaboi za mataifa matatu na mlango wa jeti umefunguka: Me 262 A-1a ya Wajerumani, Yak-15 ya Warusi na F-80A ya Wamarekani. Fedha ya ndani ya gemu inatosha kununua moja tu, na kuikusanya tena ni wiki kadhaa. Pia nina laki moja na nusu mkononi, na kuna jamaa Mwanjelwa anauza jostiki (mkono wa kuongozea ndege kwenye gemu) ya mtumba. Nasikia jeti hizi za mwanzo zote hazina nguvu. Ipi ina nafuu? Nawasilisha.

Parachichi_Njombe
Mkuu, umeacha mambo ya msingi. Unacheza modi gani? Ile nyepesi, ile ya uhalisia, au ile unayoona kutoka ndani ya chumba cha rubani tu? Kompyuta ina RAM ngapi? Unatumia intaneti gani? Bila hayo tutakupigia ramli.

Kitonga_Juu
Kamwene wakuu. Mdogo wangu, mimi niliingia Me 262 moja kwa moja kutoka Bf 109, ndege ya pangaboi ya Wajerumani, acha nikusimulie yasije yakakukuta. Bf 109 inakuzoesha kuinua pua mara tu ukiacha ardhi, unapanda, unamsubiri adui juu. Usiku wa kwanza nikafanya hivyohivyo na jeti. Mwendo ulikuwa kilomita 400 kwa saa, nikainua pua, ukashuka 350, 300. Kufika mita 2,000 ndege imechoka kama lori la saruji katikati ya mlima Kitonga, na Spitfire, pangaboi ya Waingereza, ikanikuta hapohapo. Nikakata kona kuikwepa, mwendo wote uliobaki ukaishia kwenye ile kona. Mechi tano mfululizo hali ni hiyo.

Ya sita nikabaki chini, nikainyoosha juu ya miti mpaka 700, ndipo nikaanza kupanda taratibu, pua juu kidogo tu. Nikadondosha ndege mbili kubwa za mabomu kwa mpito mmoja. Nikarudi kutua moyo ukiwa juu. Nilipunguza mafuta mapema mno, nikaona sifiki uwanjani, nikasukuma mafuta yote. Injini ya pangaboi ingeitika papo hapo. Zile mbili zilikuwa bado zinakusanya pumzi ardhi ilipofika. Iliniuma kuliko zile mechi tano zote. Baadaye nikasoma kwamba hata marubani wa kweli walikuwa wakiviziwa na Mustang za Wamarekani wakati wa kutua kwa sababu hiyohiyo, ikabidi Focke-Wulf za pangaboi ziwekwe kulinda viwanja vyao.

Pamoja na hayo, bado nasema Me 262. Mizinga minne ya milimita 30, hakuna kinachohimili.

Binti_Rungwe
Ugonile kaka. Tuweke mapenzi pembeni tupige hesabu. Injini ya Me 262 ni Jumo 004, inasukuma kama kilo 900. Zipo mbili, lakini ndege ikijazwa ina takriban tani 6.4, kwa hiyo kila tani inapata kilo 280 hivi. Warusi walinakili injini hiyohiyo, wakaiita RD-10, wakaipachika moja tu kwenye umbo la Yak-3, ndege yao ya pangaboi. Ikaruka Aprili 1946. Ndege nzima ni tani 2.6 na ushei, kila tani inapata kama 340. Injini ni ileile, mzigo ndio umepungua. Chukua Yak.

Kitonga_Juu
Dada, hesabu yako ni sahihi, ila Yak-15 inabeba risasi 60 kila mzinga, jumla 120. Ukibonyeza kwa pupa umemaliza. Na mwisho wake ni kama kilomita 800 kwa saa, Me 262 inafika 870. Akikukimbia humpati.

Binti_Rungwe
Na hiyo mizinga yako ya 30 risasi zake ni za polepole, zinadondoka kabla ya kufika. Lazima umsogelee adui kabisa. Dhidi ya ndege ya mabomu sawa, dhidi ya kitu kidogo kinachokata kona unamwaga bure.

Mzee_wa_Lori
Vijana wangu, mimi nimeendesha lori Dar–Tunduma miaka 19, sasa nipo nyumbani Vwawa na nacheza na mwanangu. Lori lenye injini ndogo haliupandi Mlima Nyoka kwa nguvu ya injini. Linaupanda kwa mwendo uliouchukua kabla hujafika mlimani. Ukiupoteza katikati, utamalizia gia ya kwanza. Jeti hizi ni hivyohivyo. Ukishuka kutoka juu una 750, piga, pita, nyoosha, nenda zako. Usigeuke kuangalia umempata au la.

Kwa hilo mimi nampa F-80A. Injini moja ya kilo kama 1,750 kwenye ndege ya tani 5 na kitu, bunduki sita za milimita 12.7 zenye risasi za kutosha, na ina breki za hewa, ambazo hizo nyingine mbili hazina. Ukishuka kwa kasi ukajikuta unampita adui, unafungua breki. Injini yenyewe chimbuko lake ni kazi ya Mwingereza Frank Whittle, aliyeanzisha mambo haya ya injini za jeti.

Parachichi_Njombe
Shikamoo mzee. Hapo kwa Whittle sikubaliani. Jeti ya kwanza kuruka ni He 178 ya Wajerumani, 27 Agosti 1939.

Mzee_wa_Lori
Marahaba mwanangu. Kuruka ni kweli walitangulia, lakini Whittle aliomba hataza mwaka 1930. Na Waingereza haohao wakawauzia Warusi injini za Nene mwaka 1946. Warusi wakazinakili, ikazaliwa jeti yao ya kivita, MiG-15.

Parachichi_Njombe
Hilo la Nene nakubali, na linaniuma mpaka leo. Ila wa kwanza ni aliyeruka.

Mwana_Uyole
Samahani wakuu, nilikuwa nafunga duka. Nacheza modi ya uhalisia, kwa mausi. Laptop RAM 8, intaneti ni bando la simu, pingi (ule ucheleweshaji wa mtandao) inacheza milisekunde 180 mpaka 220.

Parachichi_Njombe
Basi jostiki acha kabisa. Kwenye modi hiyo mausi inalenga vizuri kuliko jostiki, wenzako wote watakuwa na mausi. Jostiki ni ya anayetaka kukaa ndani ya chumba cha rubani.

Binti_Rungwe
Na kwa pingi hiyo, kulenga kwa mizinga ya 30 kutakutesa. Hiyo laki na nusu nunua feni ya kupozea laptop na betri ya akiba. Huku Tukuyu mvua ikianza tu umeme haueleweki, nimepoteza ndege nikiwa nimeshaangusha maadui watatu.

Kitonga_Juu
Mdogo wangu, kabla hujatoa fedha, bonyeza safari ya majaribio. Ni bure, unairusha kila moja peke yako. Jaribu kupanda hadi mita 3,000 bila mwendo kushuka chini ya 450.

Mwana_Uyole
Nimezijaribu zote tatu usiku huu. Yak inanifurahisha mikononi, ila nikivuka 700 inakuwa nzito kama mkokoteni. F-80A inatulia ikishuka, na hizo breki mzee amesema kweli. Me 262 nimeua injini mara mbili kwenye kutua, lakini ile sauti ya mizinga bado ipo masikioni. Nalala nayo kwanza. Ndaga fijo.

Fundi_Ipogolo
Nimechelewa wakuu. Huyo wa Mwanjelwa jostiki yake anauza bei gani? Mimi ndiyo nacheza ile ya chumba cha rubani, na jumamosi nitapita Mbeya.