Jua la usiku wa manane limekunywa kidimbwi changu, au ndivyo ninavyoambiwa

Mfugaji_Kano:
Wana Kisumu, ninaandika kabla hasira hazijapoa, kwa sababu zikipoa nitamsamehe, na mtu huyu hastahili. Simtaji jina. Yeyote aliyewahi kukodi tingatinga kati ya Ahero na Katito anamjua: ni yule mwenye kofia ya kijani, ambaye simu yake hupatikana kabla hujamlipa tu.

Kidimbwi changu ni cha mita 300 za mraba, cha rika la vile vilivyochimbwa chini ya mpango wa serikali wa 2009. Kinyesi cha samaki, mabaki ya chakula na udongo unaoporomoka kingoni vilikuwa vimejaa chini hadi ngege wangu wakakosa kina cha kuogelea. Kazi niliyompa ilikuwa kuzoa tope, basi. Amwage maji, aache sakafu ikauke hadi ianze kupasuka, akwangue ule weusi laini unaonuka, na akifika kwenye udongo wa mfinyanzi asimame, kwa kuwa huo ndio unaoshika maji. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akachimba hadi nikadhani anatafuta mafuta ya Turkana. Akautoboa mfinyanzi wote akatokea kwenye mchanga wa mto uliozikwa huko na mafuriko ya zamani ya Nyando, na nilipomuuliza mbona rangi imebadilika, akajibu kwamba hapo ni pazuri, pana hewa.

Mfereji wa kujazia maji ulipofungwa jioni, maji yalikuwa kiunoni. Usiku ikanyesha mvua, ile ya Kano inayopiga mabati hadi watu wa nyumba moja hawasikilizani. Asubuhi maji yalikuwa kwenye kifundo cha mguu. Nikamwita. Akaja akitafuna muwa, akasimama ukingoni, akatazama, akatema makapi humo humo ndani, akasema, "Mama, jua la siku hizi ni kali."

Jua! Usiku! Wa mvua!

Alipoona nimenyamaza, akaahidi kuziba. Akaleta lori la mchanga na kokoto akalimwaga palepale penye uvujaji. Kokoto, ambazo watu huzitandika chini ya mitaro ili maji yapite upesi! Kuziba kidimbwi kwa kokoto ni kuziba dirisha kwa chandarua. Maji yaliyokuwa yakitoroka kwa kuibia sasa yanaondoka kwa heshima zote. Nikampigia tena, na hata kabla sijamaliza salamu akaniuliza kama kwetu jua limepungua.

Jua, jamani.

FundiMstaafu:
Pole sana, dada. Usimwage kitu kingine juu ya zile kokoto. Ziondoe zote kwanza, kwa sababu mfinyanzi ukiwekwa juu yake utapenya na kupotea katika nafasi zilizomo. Kisha lete udongo wa mfinyanzi, utandaze tabaka la sentimita 15 hivi, uloweshe kidogo, ushindilie hadi usibonyee, ndipo uweke tabaka jingine. Kabla ya kuununua, ujaribu: lowesha kiasi cha kujaa kiganja, finyanga tonge, lirushe juu nusu mita hivi ulidake. Likivunjika, lina mchanga mwingi, mrudishie mwenyewe. Sasa tuambie, ulimlipa chote mwanzoni?

Mfugaji_Kano:
Fundi, mada ni jua.

Nyamasaria_Mtulivu:
Amelipa chote mwanzoni.

KijanaWaKondele:
Mimi namtetea mwenye kofia. Mteja alitaka kidimbwi kiwe na kina, akapewa kina. Maji hayakuwamo katika mapatano. Mama, fuga kuku, hao hawavuji.

Mfugaji_Kano:
Nawe ni wa ukoo wake, maana ni mtu wa ukoo huo tu anayeweza kusema jambo hilo bila kucheka. Jua linapunguza milimita chache tu kwa siku, na hata hizo ni za mchana. Huyu alinitazama machoni, muwa mkononi, mimi nikiwa bado na mwavuli!

BondeLaUfa:
Nyinyi wa Kano mna mfinyanzi, nanyi mnalia. Njooni Nakuru, mahali ambapo udongo wa volkeno hunywa maji ukiwa bado unayapokea. Huku hakuna kuzoa tope wala nini, bila kutandika plastiki ya kidimbwi unafuga hewa. Na yule aliyenitandikia plastiki yangu aliitandika juu ya mawe yenye ncha bila kuweka hata mchanga laini wa kuikinga, kisha akaikanyaga kwa viatu vya kazi. Nilihesabu matundu nikaacha.

MjengajiMajengo:
Afadhali ninyi mna matundu. Mimi nimeuziwa mchanga mbichi. Lori limepimwa likiwa limejaa hadi juu, mchanga umekauka uani kwangu, na sasa umepungua karibu robo. Nimemuuliza muuzaji, akasema watoto wameuchezea.

FundiMstaafu:
Hilo halina uchawi. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba, unaweza kuongezeka robo nzima ya ujazo wake kwa sababu maji hutenganisha chembe. Pima kwa uzani, au ununue ukiwa mkavu.

MjengajiMajengo:
Na matope je? Mara nyingine nalazimika kuosha mkono mzima nikiushika mchanga tu.

FundiMstaafu:
Weka mchanga nusu chupa, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, uache utulie kwa saa chache. Tope litakaa juu ya mchanga. Likizidi sehemu nane katika mia, usiujengee.

Mfugaji_Kano:
Ninaomba turudi kwenye suala la jua.

PwaniYaZiwa:
Hapo kwenye chupa nakataa. Mchanga wa Kobala, kule ufuoni mwa Ziwa Victoria, una vipande vya konokono ambavyo chupa haikuonyeshi, na watu wanaupakia usiku kutoka ufuoni bila kibali, ingawa sheria ya mazingira ya 1999 inakataza kuchimba ziwani na mitoni bila idhini. Ufuo umeliwa hadi shamba la shangazi yangu linaning'inia.

MjengajiMajengo:
Konokono haina shida kama ni kidogo, ukichekecha. Bora hiyo kuliko ule wa mtoni unaoleta vijiti na mizizi.

PwaniYaZiwa:
Wewe umejenga nini kwa mchanga wenye konokono?

MjengajiMajengo:
Choo.

Nyamasaria_Mtulivu:
Bado kimesimama?

MjengajiMajengo:
Mlango ndio umeanguka, na huo ni wa seremala. Huyo nitamfungulia uzi wake.