Bima inanisukuma nirudi kazini, mgongo bado: naomba ushauri
Wakuu, habari zenu. Niko Minnesota, Marekani, nilikuwa nahudumia wazee hadi mgongo ukanishinda. Bima ya ulemavu ya kazini imenilipa miezi 24, sasa kigezo cha kulipwa kimebadilika: si kushindwa kazi yangu tena, ni kushindwa kazi yoyote. Eti nipokee simu mezani, mimi nisiyemaliza nusu saa kwenye kiti! Dada wa bima hupiga kila wiki, sauti tamu kama shemeji anayetaka mkopo. Daktari wao hajanigusa, kasoma faili tu. Barua ya kusitisha malipo inanipa siku 180 za kukata rufaa chini ya ERISA, sheria ya Marekani ya mafao ya kazini. Niombe kwanza nakala ya faili langu lote, au nitafute wakili kabla sijajibu lolote? Aliyeshinda rufaa, daktari wako aliandika nini hasa?